Heshima kwa walio na ulemavu wa akili ianzie viwanjani mwa shule

HUJAFA hujaumbika, walisema wahenga, wakituonya tusimcheke mwenzetu kwa ulemavu wake. Kila mtoto aliyepitia darasa la Kiswahili humu nchini anaijua methali hii. Ameitolea maana na matumizi, ameiandikia insha na kupata alama zake. Kisha kengele ya mapumziko inapolia, mtoto yuyo huyo anatoka nje na kumwita mwenzake zuzu, punguani au taahira.

Si watoto pekee. Makanga humrushia maneno hayo abiria anayechelewa kutoa nauli. Wanasiasa huyatupiana majukwaani na wafuasi wao wakashangilia. Wapo wachekeshaji wanaoiga jinsi mtu mwenye ulemavu wa akili anavyoongea na kutembea, na umati unaangua kicheko. Ukikosea jambo dogo kazini, utaulizwa ulitoroka Mathari lini, kana kwamba kulazwa hospitalini ni aibu, na kana kwamba ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na wengi hutibiwa wakarejelea shughuli zao. Ulemavu wa akili humpata mtu akiwa tumboni, anapozaliwa au akiwa mtoto, na huathiri uwezo wake wa kujifunza, kuelewa mambo na kujitegemea. Wengine huzaliwa na hali ya Down, inayotokana na kromosomu moja ya ziada. Wengine walikosa hewa mama alipokuwa akijifungua, au waliugua malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Hakuna laana hapo wala urogi, na mama hana hatia.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Hao ni wale waliotajwa mbele ya karani wa sensa. Mzazi anayemfungia mwanawe katika chumba cha nyuma kila wageni wanapobisha hodi hawezi kumtaja kwa karani. Na kwa nini anamfungia? Aghalabu si kwamba hampendi. Anaogopa maneno ya majirani. Tusi tunalolichukulia kuwa mzaha barabarani ndilo linalotia kufuli mlango huo.

Kisheria, Kenya haina la kuonea haya. Katiba tuliyoizindua Agosti 27, 2010 inasema katika Kifungu cha 54 kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na pia ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Soma tena, ndugu msomaji. Si kutendewa tu, bali hata kuitwa.

Siku 39 baadaye, Oktoba 5, 2010, aliyekuwa Rais wa Marekani, Barack Obama, alitia saini Sheria ya Rosa, iliyopewa jina la msichana wa miaka 9 wa jimbo la Maryland aliyezaliwa na hali ya Down. Sheria hiyo iliondoa katika sheria za serikali kuu jina la zamani lililomaanisha kudumaa kwa akili na badala yake ikaweka 'ulemavu wa akili'. Kabla ya hapo, kakake Rosa alikuwa amewaambia wabunge wa jimbo lao kuwa jinsi unavyomwita mtu ndivyo unavyomtendea.

Kwa hivyo tuliwatangulia Wamarekani kwa zaidi ya mwezi mmoja. Lakini wao walikuwa na kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: vijana waliokuwa wameshaianza kazi hiyo shuleni.

Mnamo 2009, wanafunzi wawili wa vyuo vikuu, Soeren Palumbo wa University of Notre Dame na Tim Shriver wa Yale, walianzisha kampeni ya kuwaomba vijana wenzao waahidi kuacha kutumia neno 'retard', ambalo Wamarekani walilitumia jinsi sisi tunavyotumia 'punguani'. Palumbo ana dada mwenye ulemavu wa akili. Shriver ni mjukuu wa Eunice Kennedy Shriver, aliyeanzisha michezo ya Special Olympics jijini Chicago mwaka 1968. Kampeni yao ilienea kutoka shule moja hadi nyingine, wanafunzi wakitia saini ahadi mbele ya wenzao. Hawakungoja waraka wa wizara.

Hata hivyo, kampeni ya kupiga vita neno moja ina kikomo chake. Maneno ya Kiingereza kama 'idiot' na 'imbecile', ambayo leo ni matusi, yalikuwa maneno ya madaktari mwanzoni mwa karne iliyopita. Yalipochafuka, wataalamu wakaleta 'retarded', lililomaanisha tu aliyecheleweshwa, wakidhani wamepata neno la staha. Nalo likachafuka. Sisi tulileta 'mtindio wa ubongo' kwa nia hiyo hiyo njema, na leo utalisikia vijiweni likirushwa kama jiwe. Ukikifunga kidonda kwa kitambaa kipya bila kukisafisha, usaha utapenya tu.

Vijana wale walilitambua hilo. Mwaka 2019, kampeni yao ilipotimiza miaka 10, waligeuza mwelekeo wake. Badala ya kuahidi kuacha neno, mwanafunzi sasa anaombwa aahidi kumjumuisha mwenzake: kumketisha mezani pake, kumwalika mchezoni, kumfanya rafiki. Hilo ndilo funzo ambalo shule zetu zinafaa kuliazima, kwa sababu sisi bado tuko katika hatua ya kuandika mabango.

Wapo watakaosema kuwa nchi ina njaa na vijana hawana kazi, na kwamba huu ni mjadala wa maneno tu. Hao wakumbuke Ujerumani. Mnamo 1920, wasomi wawili wa huko, mmoja mwanasheria na mwingine daktari, walichapisha kitabu kilichozungumzia 'maisha yasiyostahili kuishi'. Yalikuwa maneno tu. Miaka 20 baadaye, kati ya 1940 na Agosti 1941, utawala wa Nazi uliwaua kwa gesi zaidi ya watu 70,000 waliokuwa na ulemavu au magonjwa ya akili. Mpango huo uliendeshwa kutoka nyumba moja jijini Berlin. Kabla ya kuuawa, walikuwa wameitwa mzigo kwa muda mrefu hivi kwamba majirani wengi hawakushtuka walipotoweka.

Mnamo Juni 2023, jiji lilo hilo la Berlin liliandaa michezo ya dunia ya Special Olympics na kuwakaribisha wanamichezo wapatao 7,000 wenye ulemavu wa akili, Wakenya wakiwemo. Nao mnamo 2017, mwanamichezo mmoja wa Marekani, John Franklin Stephens, alifika mbele ya kamati ya bunge la nchi yake na kujitambulisha kuwa yeye ni mwanamume mwenye hali ya Down na maisha yake yanastahili kuishiwa. Hakuzungumziwa na mtu. Alijisemea mwenyewe.

Katika michezo hiyo kuna mpango mmoja ambao ningependa kila mwalimu mkuu aujue. Ni ule wa timu za pamoja. Katika soka ya wachezaji 5, timu huingiza uwanjani wachezaji 3 wenye ulemavu wa akili na 2 wasio nao. Katika ile ya wachezaji 11, ni 6 kwa 5. Wote huvaa jezi moja, hufanya mazoezi na kocha mmoja, na hushinda au kushindwa pamoja.

Tazama hesabu hiyo. Wenye ulemavu ndio wengi. Hao wengine wawili hawawezi kuushika mpira peke yao na kuwafanya wenzao watazamaji. Ni lazima watoe pasi na waitegemee pasi. Ni lazima wajifunze kuwa fulani anatumia guu la kushoto, kwamba yule hukasirika akipigiwa kelele, na kwamba kipa wao huelewa upesi zaidi akionyeshwa kwa mkono kuliko akielezwa kwa maneno. Baada ya muhula mmoja, kijana huyo hahitaji mtu wa kumhutubia kuhusu heshima. Akisikia mtu akimwita kipa wake zuzu, yeye mwenyewe atamzima.

Hali ilivyo kwetu ni tofauti. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto wengi wenye ulemavu walifika shuleni kwa mara ya kwanza, na shule nyingi za kawaida zina vitengo maalum vya kuwafunza. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini katika shule nyingi kitengo hicho kiko pembeni, karibu na jikoni au nyuma ya maabara. Watoto wake huenda mapumzikoni saa tofauti, hula mahali tofauti, na hawatajwi gwarideni ila siku ya wageni. Wanafunzi 800 wanaweza kusoma miaka minane katika ua mmoja na watoto hao bila kujua jina la hata mmoja wao. Asiye na jina ndiye hubandikwa lakabu.

Kisha kuna ziara za huruma. Chama cha wanafunzi hukusanya unga, sukari na sabuni, kikakodi basi hadi shule maalum, kikapiga picha na kurudi kabla ya jua kutua. Sitaki kuwabeza wanafunzi hao, maana unga huo hupikwa na kuliwa. Lakini mtoto aliyepokea sabuni leo hatakuwa na mtu wa kucheza naye kesho. Na aliyeitoa anarudi akiamini kuwa wenye ulemavu wa akili ni watu wa kupewa, si watu wa kupata kitu kutoka kwao.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wazazi watauliza iwapo wana wao hawatapoteza muda wa masomo. Jibu ni kuwa kipindi cha mazoezi ya viungo tayari kimo katika ratiba, na kila mmoja wetu anajua jinsi vipindi hivyo huibwa ili kufundisha hisabati. Hakuna muda mpya unaotakiwa, ila kurejeshwa kwa ule uliotwaliwa.

Wengine watasema kuwa baadhi ya watoto hawa wana mahitaji makubwa na wanafaa shule maalum. Ni kweli, wapo. Lakini shule maalum pia ina majirani, na timu ya pamoja inaweza kuundwa na shule mbili zilizo barabara moja. Wapo pia watakaohofia kuwa walimu hawajui la kufanya. Taasisi ya kitaifa ya kuwafunza walimu wa elimu maalum, KISE, imekuwepo tangu 1986. Walimu waliopitia huko wako katika vitengo hivyo hivyo vilivyo nyuma ya maabara. Waulizwe.

Ni nini basi kifanywe? Kwanza, Wizara ya Elimu na wasimamizi wa michezo ya shule waweke soka ya timu za pamoja katika kalenda ya michezo ya muhula, kuanzia zoni hadi kaunti, na itolewe kombe kama michezo mingine. Shule zetu hufanyia mazoezi kile kinachotolewa kombe.

Pili, mtaala wa umilisi una somo la huduma kwa jamii katika shule za sekondari ya juu. Somo hilo lisiwe la kuokota taka na kutembelea makao ya watoto pekee. Mwanafunzi anayecheza au kusaidia kufunza timu ya pamoja kwa muhula mzima ahesabiwe kuwa ametimiza kazi yake.

Tatu, walimu wakuu wanaweza kufanya jambo Jumatatu ijayo lisilohitaji hata shilingi moja: kengele iwe moja, gwaride liwe moja na meza za chakula ziwe moja.

Lakini mzigo mkubwa uko mabegani mwa vijana wenyewe, na si kwa sababu wazee wamejitoa. Ni kwa sababu lugha ya mitaani ni yao. Wao ndio wanaoamua neno lipi linachekesha na lipi limechakaa. Sheng hubadilika kila mwaka bila amri ya mtu, na vijana wakikataa kucheka, mchekeshaji atatafuta kichekesho kingine. Wakiacha kusambaza video ya mtu anayedhihakiwa katika simu zao, atakayeirekodi atakosa watazamaji.

Wasiishie hapo. Wawaulize wenzao wenye ulemavu wa akili wanataka kuitwa nani. Mara nyingi watajibiwa kwa jina lile mtu alilopewa na wazazi wake.

Kifungu cha 54 kimekuwa katika Katiba yetu tangu 2010, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo tayari ni kijana. Iwapo amemaliza miaka hiyo yote bila kucheza hata mechi moja na jirani yake wa kitengo maalum, si Katiba iliyomkosea. Ni sisi tulioujenga ukuta katikati ya uwanja, na muhula ujao ni wakati mzuri wa kuanza kuubomoa.