Vazi Bila Ufundi ni Ganda Tupu

Mnamo mwaka 1966, mjini Berkeley, Marekani, kiliasisiwa chama cha watu waigao maisha ya Ulaya ya Zama za Kati. Wapenzi wa uigaji huo, wakiwamo waigao Waviking, hufuma nguo, hupiga kambi na kupika vyakula vya enzi hizo. Walimu wao walikwisha kufa kitambo. Hivyo, hujifunza kwa maandishi na mabaki yaliyofukuliwa ardhini.

Isiolo ina bahati wasiyo nayo hao: walimu wangali hai. Wapo akina mama wa Kiborana wajuao kusuka gorfa, chombo cha maziwa cha nyuzi, na kukifukiza moshi. Kusimamisha nyumba ibebwayo na ngamia. Na kuandaa buna qalla, yaani buni zikaangwazo kwa samli. Lakini katika sherehe nyingi za utamaduni, kijana hutakiwa kuvaa na kucheza ngoma tu. Jioni vazi hurudi sandukuni.

Wapo wadaio kwamba kuhifadhi mambo haya ni kurudi nyuma. Dai hilo halina mashiko, kwani kujifunza ufundi si kukataa shule. Msusi wa mwisho akizikwa, huzikwa pamoja na majina ya nyuzi na mafundo yake.

Basi, waandalizi wa sherehe na wamtuze msusi kama wamtuzavyo mchezaji, na kijana aketi karibu na nyanya yake ajifunze. Vinginevyo, wajukuu wa Isiolo nao watalazimika kufukua ardhi ili wajue wazee wao waliishi vipi.