Ziara za Kazini: Msichana Asimame Wapi?

Katika shule nyingi za msingi za wilaya yetu ya Kisarawe, ziara ya mafunzo husubiriwa hadi Darasa la Saba. Wazazi huchangishwa, basi hukodiwa, na watoto hupelekwa Dar es Salaam kuona makumbusho, bahari na ndege zinavyotua. Hurudi usiku wamechoka, wakiimba. Sina ugomvi na furaha yao, maana mtoto anastahili kufurahi. Lakini wanachuo wanapoandika katika taarifa zao kwamba ziara ya namna hiyo imewafungulia wanafunzi dunia ya kazi na teknolojia, hapo nalazimika kuuliza: imemfungulia nani?

Makala haya yanamhusu msichana. Rai yangu ni kwamba ziara ya kazini, ikiwa imekusudiwa kumwonyesha msichana kuwa kazi za mitambo, umeme na kompyuta zaweza kuwa zake, haina budi kufanywa mapema, kufanywa karibu, na kupangwa kwa namna ambayo yeye atasimama mbele ya chombo na kukigusa. Ziara isiyotimiza hayo yaweza hata kudhuru, kwa sababu humthibitishia kwa macho yake lile aliloambiwa nyumbani kwa maneno.

Kwa nini mapema? Tuanze na fedha. Mchango wa ziara unapoifikia nyumba yenye kaka na dada, na fedha ikamtosha mmoja tu, mwalimu yeyote aliyefundisha kijijini anajua ni nani atakayebaki. Kisha kuna umri. Huku Uzaramoni msichana aliyevunja ungo huitwa mwali, na zamani aliwekwa ndani kwa miezi mingi akifundwa mambo ya utu uzima. Siku hizi muda huo umefupishwa, ila fikra iliyo nyuma yake bado ina nguvu: kwamba tangu hapo njia yake imekwisha kujulikana. Nisieleweke vibaya. Kungwi naye ni mwalimu, tena kwa upande wa mbinu anatushinda wengi wetu: hufundisha wachache, huonyesha kitu chenyewe, hurudia mpaka mwanafunzi aweze, wala hatumii chaki. Ninalosema ni kwamba kungwi huwahi. Sisi tunafika na basi letu wakati msichana amekwisha kupewa picha ya maisha yake, na katika picha hiyo hamna spana.

Mtaala wenyewe nao unatuhimiza. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na sekondari ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mtaala huo ulianza kutumika Januari 2024. Basi uchaguzi ambao zamani ulimngoja kijana, sasa utamkuta mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Msichana ambaye hajapata kuona mota ikifunguliwa atachagua nini, isipokuwa kile ambacho shangazi yake alichagua? Kwa maoni yangu darasa lifaalo kuanza ziara ni la Nne.

Na karibu ni wapi? Wanachuo wengi wakisikia neno teknolojia hufikiria jengo refu la vioo huko mjini. Mimi ningependa waanze kwenye mashine ya kusaga.

Tazama jambo hili. Kutwanga ni kazi ya mwanamke. Mchi na kinu ni vyake tangu utoto. Lakini mashine ya kukoboa na kusaga ilipofika kijijini, mwendeshaji wake aghalabu alikuwa mwanamume. Msichana hufika pale kila wiki na mahindi kichwani, hungoja zamu yake, hurudi na unga. Amefika mara mia, na hajui kinachozunguka ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa cherehani katika miji yetu ya pwani: nyumbani kushona na kudarizi ni sifa ya binti, ila barazani, penye cherehani na fedha, fundi ni mwanamume. Kazi ni ile ile. Kilichoongezeka ni chombo na malipo, na papo hapo kazi ikahama mikono. Mwalimu asiyeliona jambo hili kijijini kwake hatalionea dawa hata akiwapeleka watoto ng'ambo.

Mashine ya kusaga haihitaji basi wala mchango. Mwalimu amwombe mwendeshaji saa ambayo hakuna wateja. Azime mota, akate umeme kwenye swichi kuu, kisha aondoe vifuniko. Hapo watoto wataona mkanda, puli mbili, nyundo zinazoponda punje, na chekeche. Wapime vipenyo vya puli kwa rula. Ikiwa kipenyo cha puli ya mota ni mara mbili ya kile cha puli ya kinu, mota ikizunguka mara moja kinu huzunguka mara ngapi? Hiyo ni hesabu ya uwiano, ambayo ubaoni huwatoa watoto jasho, na pale huonekana kwa macho. Kwa nini chekeche la unga laini lina matundu madogo kuliko la chakula cha kuku? Na kama kuna mita ya LUKU, wasome uniti kabla ya kusaga debe moja na baada ya kusaga, ili wajue umeme ulioliwa na debe hilo na bei yake. Msichana aliyefanya hesabu hiyo hatasimama tena kwenye foleni ile kama mteja tu.

Baada ya hapo twende mbali kidogo. Kuna mahali pamoja ambapo ningetamani darasa la Kisarawe lifike hata kabla ya kuiona bahari, napo ni mtambo wa maji wa Ruvu Juu, Mlandizi, kwa jirani zetu wa Kibaha. Mtambo huo ulijengwa mwaka 1959, ukapanuliwa baadaye, na sasa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Tangu mwaka 2020 mji wa Kisarawe unapata maji ya Ruvu kwa bomba litokalo Kibamba, na pampu ndizo zinazoyapandisha vilimani kwetu. Kwa mvulana huo ni mtambo mkubwa tu. Kwa msichana ni jambo linaloihusu shingo yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ndoo ya lita 20, basi, ni kilo 20, na hakuna haja ya mizani kumweleza hivyo. Darasa ligawanye milioni 196 kwa 20: jibu ni ndoo 9,800,000. Halafu waulizwe zingetakiwa shingo ngapi.

Na kazi yenyewe ya mtambo inaelezeka kwa mtoto. Maji ya mto huja na tope. Hutiwa shabu, au dawa nyingine ya namna hiyo, na bibi zao wanaijua shabu. Chembe za tope hushikamana, huwa nzito, huzama. Maji yaliyobaki hupitishwa kwenye mchanga ili yachujwe, kisha hutiwa klorini kuua vijidudu, ndipo husukumwa. Haya yote mwalimu aweza kuyajaribu darasani kabla ya safari kwa chupa tatu za plastiki, mchanga safi na kipande cha shabu, ili watoto wasifike Mlandizi wakiwa mikono mitupu ya akili. Wakifika, wasiulize tu maji yanatoka wapi, bali waulize nani anafanya nini: nani hupima maji maabara, nani hutengeneza pampu ikikwama usiku, nani hutunza nyaya za umeme, nani husoma vipimo na kuviingiza katika kompyuta, nani aliyechora ramani ya bomba. Mahali pamoja, kazi tano, na kila moja ina somo lake la shuleni.

Shule zilizo mbali na Mlandizi hazikosi pa kwenda. Mzenga ina reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Nasi watu wa Kisarawe tumebahatika kuishi karibu na reli za aina tatu: reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ambayo upana wake ni milimita 1,000, TAZARA, milimita 1,067, na reli ya kisasa ya umeme, milimita 1,435, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 na ina kituo Pugu. Zitandazwe kamba tatu uwanjani kwa vipimo hivyo, na mtoto mmoja atauliza mwenyewe kwa nini behewa la reli moja lisipite kwenye nyingine. Ziara iwe kituoni, chini ya uangalizi wa wenye kituo, wala isiwe njiani penye reli.

Sasa nirudi kwenye swali la kichwa cha makala. Nimefuatana na wanachuo katika ziara kadhaa, na nilichojizoeza kutazama ni miguu ya watoto. Dakika kumi hazipiti kabla wavulana hawajawa mbele. Wasichana huwa nyuma wameshikana mikono, na wawili watatu wapo kando wakilinda vyakula, kwa sababu mwalimu ndiye aliyewakabidhi vyakula. Katika karakana moja, mwenyeji alisema kwa nia njema kabisa kwamba wasichana wakae nyuma wasije wakachafua sare. Mwanachuo aliyeongoza darasa akacheka pamoja naye. Kwa wasichana wale ziara ilikwisha pale pale, ingawa tulibaki saa nzima zaidi.

Haitoshi kumwambia msichana asogee mbele. Lazima mpango wenyewe umweke mbele. Darasa ligawanywe makundi ya watano watano, wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, na kundi la wasichana litangulie kila penye kitu cha kushika. Kila mtoto awe na kazi iliyoandikwa: wa kupima, wa kuchora, wa kuuliza, wa kuandika, na wa kushika kifaa akielekezwa na fundi. Kazi hizo zizunguke. Msichana asifanywe karani wa ziara siku zote eti kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Wapo wakufunzi wenzangu wanaotaka ziara za wasichana peke yao. Siafikiani nao, kwa kuwa mvulana huyo ndiye kaka wa leo na ndiye mwenye mashine wa kesho. Naye inampasa kumwona dada yake akishika spana.

Katika barua ya kuomba ziara mwalimu aombe mambo mawili. Kwanza, darasa lielezwe na mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, si na afisa uhusiano. Pili, kama yupo fundi au mtaalamu mwanamke katika zamu hiyo, watoto wakutane naye kazini kwake. Akiwapo, asiombwe hotuba ya kuwahimiza watoto wasome kwa bidii, hiyo wameisikia. Aulizwe alifundishwa wapi, hesabu ilimshinda lini na nani alimsaidia, na anapokuwa zamu ya usiku mtoto wake analala na nani. Asipokuwapo, watoto wenyewe waulize kwa nini hayupo. Mwenyeji ataona haya kidogo. Haya hiyo ina faida.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na ingawa zuio hilo lililegezwa baadaye, walimu wengi wa kizazi kilichotutangulia walistaafu bila kuigusa. Sisi hatuna udhuru huo. Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika Tehama huadhimishwa kila Aprili, na hapa nchini Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukiwakutanisha wasichana wa shule kwa ajili yake. Ni jambo jema, lakini anayefika huko kwa kawaida ni yule aliyekwisha kuingia sekondari na kuteuliwa. Na yeyote anayewaambia watoto kwamba kompyuta ni kazi ya kiume akumbushwe kuwa ENIAC, mashine kubwa ya kukokotoa iliyotangazwa Marekani mwaka 1946, ilipangiwa hesabu zake na wanawake sita.

Husemwa kwamba vipindi ni vingi na fedha hakuna. Fedha nimekwisha kuijibu kwa mashine ya kusaga. Ama vipindi, puli ni Hisabati na mota ni Sayansi. Hakuna kipindi kilichoibwa. Kizuizi kikubwa zaidi sikukisikia kwa wazazi, nimekisikia bwenini kwetu: mwanachuo wa kike, mwenye cheti kizuri, akisema mbele ya wenzake kwamba yeye mashine haziwezi. Mwezi mmoja baadaye atasema hivyo mbele ya watoto arobaini, nusu yao wasichana. Namshauri aende mashineni peke yake kabla ya darasa, amwombe mwendeshaji amfungulie vifuniko, aulize yote anayoona haya kuyauliza mbele ya wanafunzi, na ajaribu mwenyewe kubadilisha chekeche.

Muhula ujao mtatawanyika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Nitakapopita kukagua, picha za ziara sitaziomba. Nitaomba daftari la msichana mmoja wa Darasa la Nne, nitakayemchagua mwenyewe, nitazame kama katika mchoro wake mkanda umepita kwenye puli zote mbili.