Jotoardhi la Ngozi: Iceland imefundisha, Olkaria imewasha, sisi tuulize nini?

Ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, mlima unaobeba Ziwa Ngozi unakuwa mkono wako wa kulia. Ziwa lenyewe limetulia ndani ya shimo la volkano, na wataalamu wanasema chini ya eneo hilo kuna joto linaloweza kuzalisha umeme. Eneo jingine ni Kiejo-Mbaka, upande wa Busokelo, ambako maji ya moto hutoka ardhini yenyewe. Kila tunapoligusa suala hili hewani, swali la kwanza linaloingia kwenye simu za studio ni lilelile: tutahamishwa?

Ni swali la haki. Ila kabla ya kulijibu tuelewane kwanza jotoardhi ni nini.

Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za ardhi mpaka yakutane na miamba yenye moto. Huko hupata joto kali na kukosa pa kutokea, kama maji kwenye sufuria iliyofunikwa na kuwekewa jiwe juu. Ukitoboa kisima kinachofika huko, kilomita moja, mbili, hata tatu kwenda chini, mvuke hupanda kwa nguvu na kuzungusha mtambo wa umeme. Maji yanayobaki hurudishwa ardhini. Umeme wa namna hii hausubiri mvua kama ule wa mabwawa.

Ugumu ni kujua pa kutoboa. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na bado kinaweza kutoka kitupu. Ndiyo maana wataalamu hutumia miaka kuzunguka na chupa, wakichota maji ya chemchemi na kupima madini yaliyoyeyuka humo, kwa sababu madini hayo huonyesha maji yalipata joto kiasi gani huko chini. Wengine hutandaza nyaya kupima jinsi miamba inavyopitisha umeme. Kama umewahi kuwakuta shambani ukadhani wanatafuta dhahabu, hukuwa peke yako.

Jirani zetu wa Kenya walianza mapema. Katika miaka ya 1950 walichimba visima viwili Olkaria, karibu na Naivasha, na havikuleta kitu. Kazi ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa.

Hapo ndipo Iceland inapoingia. Ni kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya chenye watu wasiofika laki nne, na karibu nyumba tisa kati ya kumi hupata joto lake kutoka ardhini. Mwaka 1979 kilianza kupokea wataalamu wa nchi zinazoendelea kwa mafunzo ya miezi sita, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Tangu 2020 mpango huo uko chini ya UNESCO. Hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Baadaye walimu wakaanza kuja Naivasha kufundisha kozi fupi kwa nchi za ukanda huu, na Watanzania wamekuwemo.

Leo takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke, na wachorongaji wa Kenya wamekwenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo cha ushirikiano wa kisayansi. Mgeni akija na mradi, tuangalie akiondoka ujuzi unabaki mikononi mwa nani.

Lakini Olkaria ina upande wa pili, na hapa tutakaa kidogo.

Mwaka 2014, wakati mtambo wa Olkaria IV unakamilika, zaidi ya kaya 100 za Wamasai zilihamishwa. Walijengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati. Miongoni mwa waliotoa fedha za mradi ni Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mwaka huohuo baadhi ya waliohamishwa walipeleka malalamiko kwa benki hizo: hati ya ardhi ilichelewa, barabara ilikuwa mbaya, na sehemu ya ardhi waliyopewa ilikuwa na makorongo yasiyofaa kwa mifugo. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza, na mwaka 2015 likasema taratibu za benki yenyewe hazikufuatwa ipasavyo. Moja ya kasoro ilikuwa lugha: Kimaasai hakikutumika vya kutosha, na wazee wa jadi waliwekwa pembeni. Ilibidi wasuluhishwe, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016.

Angalia kosa lilipotokea. Mvuke ulipimwa sawasawa. Kilichoharibika ni mazungumzo na watu. Sasa mfikirie bibi wa Kisafwa au mzee wa Kinyakyusa akisomewa karatasi ya kuhama kwa lugha ya ofisini.

Kwetu kazi bado ni changa. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, iliundwa mwaka 2013, na mwaka 2021 visima vyembamba vya utafiti vilichorongwa Kiejo-Mbaka. Utasikia kwamba nchi ina uwezo wa megawati 5,000. Hayo ni makadirio, na makadirio hayawashi taa.

Kuna jambo halisemwi sana kwenye mikutano. Umeme ukiingia gridi unaweza kwenda Dar es Salaam ukipita juu ya vichwa vyetu. Joto lenyewe si rahisi kulisafirisha mbali kama umeme: kwenye bomba refu hupoa kidogo kidogo, hivyo hufaa zaidi likitumika karibu. Eburru, si mbali na Naivasha, wakulima wamekausha pareto kwa mvuke wa ardhini, na shamba moja kubwa la maua karibu na Olkaria limepasha nyumba za maua kwa joto hilo. Sisi tuna pareto ya Umalila, na tuna chai ya Rungwe inayomaliza magogo kwa kukaushwa. Kama mradi unazungumzia megawati peke yake, uliza joto linalobaki litakwenda wapi.

Na kuhusu kuhamishwa: hakuna anayeweza kukujibu mpaka ramani ya visima na mabomba iwe wazi. Sheria inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na wananchi wasikilizwe. Sheria za ardhi za 1999 zinataja fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ombeni muhtasari wa tathmini kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni pia chemchemi mnazochota zipimwe kabla ya uchorongaji, na nakala ya majibu ibaki ofisi ya kijiji. Bila karatasi hiyo, maji yakibadilika baadaye mtabaki kubishana.

Kwa vijana wanaotuandikia wakiuliza watafikaje Iceland: mafunzo yale huchukua watu wenye shahada ambao tayari wako kazini kwenye sekta hii, na taasisi zao ndizo huwapendekeza. Njia inaanzia kwenye fizikia, kemia, jiografia na hesabu. Wiki ijayo tutazungumzia fidia ya mazao ya kudumu, hasa migomba na kahawa.