Kuchelewesha Stima Si Kuzima: Ugomvi Wangu na Wanaofunga Vifaa Kwenye Magari

Leo sina somo la programu. Leo nimekuja kugombana. Nagombana na mafundi wanaofunga vifaa vya elektroniki kwenye magari, nagombana na wauzaji wanaowaambia wateja kwamba kazi ni kuchomeka tu, na nikimalizana nao nitawageukia wenzangu wa kuandika programu, maana nusu ya dhambi hii ni yetu.

Hoja yenyewe ni fupi. Kifaa chochote chenye kompyuta ndani yake hakifai kukatiwa stima ghafla, na hakifai kuachiwa stima usiku kucha. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ndogo ya uhandisi inayojulikana vizuri, isiyo ghali, na ambayo karibu hakuna anayeifanya. Badala yake unauziwa relei ya kuchelewesha, kidude cha plastiki chenye skrubu ya kurekebisha sekunde, halafu unaambiwa mambo yako sasa ni sawa. Si sawa.

Tuanze na kwa nini sisi Wakenya tunahusika. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Redio ya Japani inaanzia 76 MHz, na kwa miaka mingi iliishia 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mtu akichukua gari bandarini, redio ni kati ya vitu vya kwanza kung'olewa. Inaingia skrini ya Android. Inafuata kamera ya nyuma, kamera ya dashibodi, na traka ambayo benki imeitaka kabla ya kutoa mkopo. Matatu nazo, tangu kanuni za marehemu John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, zina kidhibiti mwendo. Gari lililotoka kiwandani na redio moja leo linabeba kompyuta tatu nne, na hakuna mhandisi wa Toyota aliyeulizwa.

Skrini nzuri inakuja na nyaya tatu za stima. Wa manjano una stima daima, unatoka kwenye betri kupitia fyuzi. Mwekundu una stima ufunguo ukiwa ACC au ON. Mweusi unaenda kwenye bodi ya gari. (Ukiwa na Volkswagen, angalia mara mbili: kwenye plagi ya redio walizoea kubadilishana nafasi ya wa manjano na mwekundu, ndiyo maana ukifunga redio ya kawaida inasahau vituo kila ukizima gari.) Nyaya tatu hizi zina hekima ndani yake: manjano ndiye anayelisha, mwekundu ni wa kutoa habari tu. Fundi wa mjini hufanya nini? Huunganisha manjano na mwekundu pamoja na kuzipeleka mahali pamoja. Hapo kuna madhehebu mawili.

Dhehebu la kwanza ni la betri. "Boss, nimekuunganishia dairekti, haiwezi kukusumbua." Tupige hesabu. Vitz au Probox yenye betri ya NS40 ina takriban ampea-saa 35. Kamera inayokula ampea 0.3 bila kulala, kuanzia Ijumaa saa moja jioni hadi Jumatatu saa moja asubuhi, imekaa saa 60. Hiyo ni ampea-saa 18, zaidi ya nusu ya betri mpya. Betri yako si mpya. Jumatatu unaomba majirani wakusukume, na betri za kuwasha gari hazipendi kabisa kushushwa hivyo. Kila mara unapoikausha, risasi ndani yake inajenga salfati na uwezo unapungua. Baada ya miezi michache unanunua nyingine na kulaumu aliyekuuzia.

Dhehebu la pili ni la ACC, na hawa hujiona werevu. Ufunguo ukitoka, kila kitu kinakufa, betri iko salama. Kweli, betri iko salama. Lakini kwenye magari mengi ya ufunguo, ukigeuza hadi START, stima ya ACC inakatwa ili stata ipate nguvu zote. Maana yake ni hii: unaweka ufunguo ON, kompyuta inaanza kuamka, unapiga stata, inakatwa katikati ya kuamka, kisha inaamka tena. Mwisho wa safari inakatwa tena. Mara mbili kila safari. Dereva wa teksi anayezima gari mara 15 kwa siku amekikatia kifaa hicho stima mara 30 bila taarifa.

Sasa mtu atasema, si hata televisheni ya nyumbani tunaichomoa ukutani? Tofauti ni kadi ya SD. Kumbukumbu ya namna hii haiandiki herufi moja moja. Ili kubadilisha kipande kidogo, kadi inafuta na kuandika upya bloku kubwa, na wakati huohuo inasasisha ramani yake ya ndani inayoonyesha kila data iko wapi. Ukikata stima wakati huo, unaweza kupoteza hata data uliyoandika wiki iliyopita, ambayo haikuguswa. Juu ya hapo kuna mfumo wa faili. FAT na exFAT, ambazo kamera nyingi hutumia, hazina shajara ya kurekebisha mambo. Ext4 ya Linux inayo, lakini shajara inalinda mpangilio wa faili. Haimfundishi adabu mtengenezaji wa kadi.

Na video ni mbaya zaidi. Faili ya kawaida ya MP4 ina faharasa iitwayo moov, inayomwambia mchezaji kila picha iko wapi. Kamera nyingi huiandika mwisho, faili inapofungwa. Stima ikikatika kabla ya hapo una megabaiti mia za picha nzuri kabisa ambazo hakuna programu ya kawaida inayoweza kuzifungua.

Binamu yangu anaendesha teksi ya mtandaoni. Aligongwa ubavuni kwenye makutano na pikapu iliyopita taa nyekundu. Mgongano ukakata fyuzi, kamera ikafa palepale. Kadi ilikuwa na video za asubuhi nzima, kila moja ya dakika tatu, zote safi. Ile ya mwisho ilikuwa faili isiyofunguka. Dakika moja aliyoinunulia kamera ndiyo dakika pekee iliyokosekana. Mwenye pikapu akasema ni binamu ndiye aliyepita nyekundu, mashahidi wakatawanyika, na gari likakaa gereji wiki tano akilipa mkopo bila kuingiza hata shilingi. Duka lililomuuzia kamera, jina nalihifadhi, lilimwambia kadi yake ni ya bei rahisi. Anunue nyingine. Kwao.

Ndipo akaambiwa afungiwe relei ya kuchelewesha. Na hapa ndipo damu yangu inapochemka kitaaluma.

Relei ya kuchelewesha inafanya nini? Ufunguo ukitoka, inaendelea kutoa stima kwa sekunde 30, kisha inakata. Imekiambia kifaa chochote? Hapana. Kifaa hakijui kwamba ufunguo umetoka. Kinaendelea kurekodi kwa furaha, na sekunde ya 30 kinakatwa vilevile kama zamani. Umeahirisha ajali. Kitu pekee ulichopata ni sekunde 30 za video ya ukuta wa maegesho.

Wapo wanaokwenda mbele kidogo na kukipa kifaa ishara ya kuzima, kisha wanahesabu sekunde 30. Bora, lakini bado ni ubashiri. Kwenye Linux nyingi za leo, systemd huvumilia huduma iliyokwama hadi sekunde 90 kabla ya kuiua kwa nguvu. Siku ambayo mtandao unasuasua na programu moja inangoja jibu la seva, sekunde zako 30 zinakwisha katikati ya kazi. Hiyo ndiyo siku kadi inaharibika, na kwa kuwa siku nyingine 40 ilikuwa sawa, hutawahi kujua sababu.

Tena kuna kosa ambalo kila mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta angelitambua akiwa usingizini. Dereva anazima gari kituo cha mafuta. Kifaa kinapata ishara, kinaanza kujizima. Sekunde kumi baadaye anawasha tena. Relei inaona ufunguo umerudi, kwa hiyo haikati stima. Kifaa nacho kimeshajizima. Sasa kina stima lakini kimelala, na hakuna kitakachokiamsha, kwa sababu kilikuwa kikingoja stima iondoke na kurudi. Unaendesha kutoka Naivasha hadi Kisumu ukiwa na skrini nyeusi. Fundi atakwambia "ilijam". Haikujam, bwana. Ilitii amri mbili zilizogongana, na hakuna aliyefikiria nani atangulie.

Dawa yake ni ndogo mno. Waya wa manjano ulishe kifaa kupitia fyuzi iliyo karibu na betri. Mwekundu uende kwenye mikrokontrola kama habari tu, kupitia optokapla au vizuizi viwili, kwa sababu pini za Raspberry Pi kwa mfano hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Ufunguo ukitoka, mikrokontrola ingoje sekunde chache, ili kupiga stata kusihesabiwe kuwa kuzima. Kisha itoe amri. Kifaa chenyewe kishikilie pini moja juu kikisema "bado niko", na kiishushe kikishamaliza. Pini ikishuka, kata. Isiposhuka kwa dakika tatu, kata kwa nguvu, maana kilichokwama hakistahili betri ya mwenye gari. Na kanuni ambayo haina mjadala: kuzima kukishaanza, kunamalizwa. Ufunguo ukirudi katikati, subiri, kata, hesabu sekunde mbili, ndipo urudishe stima.

Ongeza mlinzi wa betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inaonyesha kama 12.6, ikifika 12.0 gari likiwa limezimwa, imekwenda sana. Usikate kwa kipimo kimoja, kwa sababu volti huanguka vibaya stata ikizunguka. Ngoja ikae chini kwa dakika nzima. Na malori na mabasi mengi ni ya volti 24, kwa hiyo kifaa kiwe na namna ya kujua kiko kwenye gari gani kabla ya kuanza kulinda.

Hakuna uvumbuzi hapa. Waliokuwa wakifunga kompyuta kwenye magari miaka ya 2000 walikuwa na usambazaji stima kama M2-ATX wa Mini-Box, uliokuwa na jampa za kuchagua muda, ukibonyeza swichi ya kompyuta kwa niaba yako na kulinda betri. General Motors huacha redio ikicheza hadi dakika kumi baada ya ufunguo kutoka, au mpaka mlango ufunguliwe. Raspberry Pi tayari ina mipangilio miwili, gpio-shutdown na gpio-poweroff, ya kazi hiihii. Ni mistari miwili kwenye faili moja. Watu wanafungia matatu skrini nne bila kuiandika.

Najua pingamizi. "Tumia kamera yenye supakapasita." Naam, na ninaipongeza: inagundua stima imeondoka, inatumia sekunde chache ilizohifadhi kufunga faili, inakufa vizuri. Hiyo ingemwokoa binamu, kwa sababu mgongano hauheshimu waya wa manjano wala mwekundu. Nunua hiyo kabla ya kununua yenye picha za 4K. "Basi weka pawabanki." Ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa? Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zaidi ya nyuzi 45, na dashibodi inazipita hizo kabla ya adhuhuri. Nimeona zilizovimba kama mandazi.

Sasa nyinyi wenzangu wa programu. Mnaandika kana kwamba stima ni ya milele, kwenye nchi hii ambayo kila mtu ana mshumaa jikoni. Ukihifadhi mipangilio juu ya faili ileile ya zamani, umeacha mwanya ambapo hakuna ya zamani wala mpya. Andika faili jipya, lilazimishe lifike kadini kwa fsync, kisha ubadilishe jina. Rekodi video kwa vipande, au tumia TS ambayo hukatika popote na sehemu iliyobaki ikachezeka. Sehemu ya mfumo isiyohitaji kuandikwa, ifunge iwe ya kusomwa tu. Na mnapopokea amri ya kuzima, msiende kuuliza seva kwanza.

Wewe mwenye gari, kabla hujalipa, keti kwenye kiti cha dereva fundi akiwa hapo. Anzisha kurekodi, toa ufunguo, rudisha baada ya sekunde kumi. Fanya hivyo mara ishirini, mara nyingine baada ya sekunde tatu, mara nyingine baada ya dakika. Kisha toa kadi, iweke kwenye laptopu, fungua kila faili. Mwisho mwombe aweke mita kati ya betri na waya wake, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, ungoje robo saa usome: gari zima likipita miliampea 50, kuna kitu hakijalala, na kabla hajakuja yeye huenda hakikuwepo.

Atanuna. Mwache anune, na risiti ikae mfukoni mwako mpaka faili ya ishirini ifunguke.