Kanuni Kali Haikulinda Magari ya Zamani

Tarehe 26 Agosti 2025, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, DVLA, ilibadilisha kanuni zake kuhusu magari ya zamani. Tangu hapo wapo wapenzi wa magari hayo wanaolalamika kwamba serikali imelegeza kamba: eti sasa kila gari la kuungaunga litatembea na namba ya mwaka 1965, na uhalisi umezikwa. Nia yao ni njema, ila wanaamini kwamba ukali wa kanuni ya zamani ndio uliolinda ukweli. Naamini kanuni ile iliwaadhibu wasema kweli na kuwaacha wanyamavu.

Tuitazame ilivyokuwa. Gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa lilipimwa kwa alama. Chasisi, au bodi kwa gari ambalo bodi yenyewe ndiyo chasisi, ilikuwa na alama 5. Springi na shokomzoba zilikuwa na 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2, na injini 1. Ili kubaki na namba yake, gari lilihitaji alama 8 au zaidi, na zile 5 hazikuwa na mbadala: chasisi iwe ya asili, au mpya ya aina ileile isiyobadilishwa. Likishindwa, lilikaguliwa kama gari geni na kupewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo hupewa magari yenye umri au asili ya mashaka. Kwa hiyo mtu mwenye kadi halali, risiti na picha za kila hatua aliweza kuambiwa kwamba gari lake halijulikani lilikotoka.

Chukua Mini ya miaka ya 1960, ambayo haina chasisi ya peke yake. Fundi akinyanyua zulia la dereva hukuta sakafu imeliwa na kutu, na vizingiti vya chini ya milango vinatobolewa kwa bisibisi. Anakata bati bovu, anachomelea jipya la umbo lilelile. Hayo ni matengenezo. Lakini akikata bodi hiyohiyo ili ipokee gia boksi ya aina nyingine, au apate nafasi ya betri gari litumie umeme, amehatarisha alama 5 kwa mkupuo mmoja. Aliyeripoti kazi hiyo ndiye aliyejiweka hatarini kupoteza namba, na aliyenyamaza akabaki nayo. Kanuni inayofanya ukimya ulipe hujaza daftari la serikali taarifa zisizolingana na magari yaliyo barabarani.

Sasa matengenezo ya kurudisha gari kama lilivyokuwa hayahitaji kuripotiwa, mradi mwonekano wake ubaki ule wa kiwandani na kadi isihitaji marekebisho. Mabadiliko makubwa ya muundo, pamoja na kuweka mota ya umeme, lazima yaripotiwe, lakini gari linabaki na namba yake ya chasisi na ya usajili. Mwenye gari hana tena sababu ya kuogopa kusema.

Wapo wanaouliza habari za wezi wanaong'oa kibati cha namba kwenye gari bovu na kukipachika kwenye la wizi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini huo ulikuwa uhalifu jana na ni uhalifu leo, na mwizi hajawahi kujaza fomu ya kueleza alichokata. Kinachomkaba ni kumbukumbu zilizonyooka, na hizo hupatikana wenye magari wanapoeleza waliyofanya.

Wengine wanataja usalama. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka ikiwa halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Kubaki na namba ya zamani hakuleti msamaha huo, na kila gari, lenye msamaha au lisilo nao, lazima liwe salama liingiapo barabarani.

Ama kuhusu uhalisi, jahazi hubadilishwa mbao na kupigwa kalafati miaka nenda miaka rudi, na watu wa bandarini huendelea kuliita kwa jina lake, kwa sababu wanaijua historia yake. Gari nalo litambuliwe kwa historia isiyokatika. Anayetaka injini ya kiwandani atailipia zaidi, na ana haki ya kujua anachonunua.

Hapo ndipo wapenzi wa uhalisi wangeelekeza nguvu zao. Wadai kwamba kila badiliko linaloripotiwa liandikwe kwa namna ambayo mnunuzi ataiona kabla ya kutoa pesa. Wawahimize mafundi kutunza risiti za spea na picha za kila bati lililokatwa. Kurudisha hofu ya herufi Q kutawafunga tena midomo watu ambao ushahidi wao ndio tunaouhitaji.