Mbwa wa laki nane, chanjo mpaka abembelezwe!

Ukikatiza Shanty Town jioni siku hizi utadhani Moshi imekuwa na maonyesho ya mbwa. German Shepherd huku, Boerboel kule, na wale wadogo wenye manyoya wanaobebwa kama pochi. Hakuna ubaya. Mtu na hela yake. Kasheshe huanza siku mbwa anapoumwa, maana hapo ndipo watu wanapojulikana.

Chukua kisa cha mrembo mmoja maarufu wa mjini hapa. Jina linahifadhiwa, wenyewe mtajaza. Kanunua kijibwa cha laki nane, kakifungulia na akaunti yake Insta, kakivalisha shela, picha za Mlima Kilimanjaro nyuma kama kawaida. Aliyemuuzia kamwambia apeleke chanjo. Akajibu atapeleka "mambo yakikaa sawa". Kucha zikatengenezwa, nywele zikabadilishwa mara mbili, bata za wikiendi zikaliwa. Mambo hayakukaa sawa kwa upande wa chanjo tu.

Mwezi haujaisha, kijibwa kinatapika na kuharisha damu. Parvo. Dokta akaeleza: dripu siku kadhaa, dawa za kuzuia kutapika, antibayotiki, na mtu wa kukesha naye. Bili ikatajwa. Mrembo akatoka pale na kurusha video analia kwamba madokta wa mifugo wa Moshi ni wezi. Namba ya kuchangia chini. Watu wakachanga kweli, Watanzania wana huruma. Mbwa akafa siku ya tatu. Wiki mbili baadaye, mbwa mwingine, uani palepale, kola ileile. Huyo naye kafa.

Wala si uchawi. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi. Hakiogopi sabuni ya kawaida, kinaogopa Jik. Na kinga yake inajulikana: chanjo kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto wa mbwa afike kama wiki ya 16. Bei ya ratiba yote hiyo haifiki hata robo ya bei aliyonunuliwa mbwa mwenyewe. Sasa mwizi hapo nani?

Kwenye ile video walijaa wale wa "ingekuwa Ulaya angekuwa na bima". Tena hao ndio wa kuambiwa ukweli, maana bima imegeuka kisingizio cha mjini. Bima ya wanyama wa nyumbani kweli ipo huko. Sweden walianza kukatia mbwa bima mwaka 1924, Uingereza 1947, na Marekani ile ya kwanza ilikatwa 1982 kwa mbwa wa televisheni, Lassie. Lakini ulizeni inavyofanya kazi. Mara nyingi mwenye mbwa analipa kwanza mfukoni, halafu anadai arudishiwe. Kuna kiasi anabeba mwenyewe kila akidai. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima haulipwi. Ukikata leo na mbwa akaumwa kesho, imekula kwako, kuna siku za kusubiri. Mbwa akizeeka, ada inapanda. Na hiki ndicho kinachomhusu mrembo wetu: kampuni nyingi za huko hazilipi ugonjwa ambao chanjo yake ipo na wewe hukuichanja. Maana yake hata angekuwa London, angelia vilevile.

Kitu kingine kinachowachanganya wengi ni kadi. Mtu mwenye kadi ya NHIF anaingia hospitali, anapimwa damu, anapigwa picha, anapewa dawa, anasaini, anaondoka. Hajawahi kuona matibabu yanagharimu kiasi gani. Siku anampeleka mbwa, kwa mara ya kwanza anaiona bili yenyewe ikiwa uchi, anashtuka, anamtukana dokta. Glavu ni zilezile, sindano ni zilezile, na yule dokta kasota miaka mitano SUA Morogoro.

Wapo watakaosema watu wenyewe hawana bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote yenyewe imepitishwa 2023, nani ana muda wa kujadili mbwa? Hoja nzuri kwa asiye na mbwa. Aliyetoa laki nane kwa hiari yake haimhusu hata kidogo.

Panda sasa Kibosho, au Uru, umkute bibi mwenye ng'ombe mmoja bandani kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa. Yule bibi hana wafuasi. Ng'ombe wake hatoki nje, majani yanakatwa na kubebwa kichwani, mengine yanatoka tambarare. Lakini namba ya bwana mifugo anaijua kwa kichwa. Akiona ng'ombe kagoma kula na masikio yamelala, anapiga simu usiku uleule, maana anajua ndigana haisubiri asubuhi. Hela ya maziwa ina fungu la dawa kabla haijafika kwenye sukari. Nronga, upande wa Machame, akina mama waliungana kwenye ushirika wa maziwa tangu 1988. Ukiwaambia ng'ombe kaumwa ghafla, kwao "ghafla" ilishawekewa akiba zamani. Si kwamba bibi hakwami. Anakwama, na mara nyingine ng'ombe anaishia kuuzwa buchani kwa bei ya kutupa. Lakini hajawahi kurusha video kumtukana bwana mifugo aliyepanda mlima na pikipiki kwenye matope.

Na bibi huyohuyo ndiye anayebebeshwa mzigo! Kila Desemba magari yanapanda kutoka Dar, watu wanakuja kula Krismasi nyumbani, na siti ya nyuma kuna mbwa wa kizungu kachoka. Januari gari linashuka bila mbwa. "Tumemwachia bibi akalinde migomba." Mbwa aliyezoea chakula cha dukani anaachwa Marangu kwenye baridi, bila cheti cha chanjo, bila hata elfu kumi ya dawa ya kupe. Kwa mila za Kichaga, mwenye makosa hupeleka sale kuomba msamaha. Hawa hawaachi hata vocha.

Wengine hata kwa bibi hawafiki. Mbwa anafunguliwa geti usiku, anaishia Pasua au Majengo akila jalalani. Na hapo stori inaacha kuwa ya mastaa. Kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Anayeng'atwa ni mtoto anayetoka shule kwa miguu, na mzazi wake ndiye anayehangaika kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha anakimbia hospitali kutafuta sindano ambazo ni zaidi ya moja na zina tarehe zake. Ile bili aliyoikwepa mtu wa Shanty Town imelipwa na muuza ndizi wa Mbuyuni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, jukumu la mnyama ni la mwenye mnyama, ila nani amewahi kuulizwa?

Madokta nao wasijifiche nyuma ya hoja hizi. Kuna wanaoanza kutibu bila kutaja bei, mteja anakuja kuzimia kwenye kulipa. Na kuna makanjanja wanaonunua dawa duka la pembejeo na kumchoma mbwa yeyote aliyesimama. Mteja ana haki ya makadirio kwa maandishi kabla ya sindano ya kwanza, na ana haki ya kuuliza kama aliye mbele yake amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ila dokta naye anaachiwa mbwa kliniki, katibiwa, kapona, mwenye mbwa hapokei simu. Hilo hamrushi video.

Kwa ng'ombe, bima imeshaanza kuuzwa nchini. Kwa mbwa wa picha, anayeisubiri atasubiri sana, na wakati huo buku moja kwa siku inafika 365,000 kwa mwaka. Kibubu kinatosha, M-Koba ya wenye mbwa watano wa mtaa mmoja inatosha zaidi. Mwenye kushindwa buku kwa siku anunue picha ya mbwa, zipo Memorial na fremu yake.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi siku hizo chanjo hutolewa bure au kwa bei ya chini. Haya wadau wa Moshi mnaoposti mbwa kila siku: safari hii posti cheti, tarehe ionekane.