Masega hayajaiba nguvu ya gari lako

Gari la mbio si kitu cha ajabu tena hapa kwetu Izigo, mkoani Kagera. Kijana anarudi likizo kutoka Dar es Salaam na Mark X, Altezza au Subaru Impreza yenye turbo, na kabla hajamaliza kusalimia ndugu ameshaambiwa kijiweni kwamba gari limebanwa pumzi, lina masega chini, ayatoe. Masega yenyewe ni lile kopo la chuma kwenye bomba la eksozi. Ndani yake kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo kopo likiwa na moto wa kutosha, monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za naitrojeni hugeuka kuwa hewa ukaa, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Hoja za kuyatoa nimezisikia nyingi, na chache sana ndizo zinazosimama.

Nianze na ile inayowaponza wengi huku kwetu: "Dar lilikuwa linaruka, huku limekuwa zito, basi masega yameziba." Ndugu yangu, gari lilikuwa na masega hayo hayo lilipokuwa linaruka Dar. Kilichobadilika ni mahali. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Izigo iko juu ya ziwa, na ukishika mlima wa Kamachumu unazidi kupanda. Kwa kimo cha ziwa tu, kanieneo ya hewa imepungua kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa inayoikuta, haina namna ya kuikamua zaidi. Mark X ya lita 2.5 iliyotoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 215 ikifika huku inakuwa imeacha zaidi ya 20 njiani, na hakuna msumeno utakaozirudisha. Ndiyo maana yule wa Subaru ya turbo haoni tofauti kubwa: turbo yake inaisindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda.

Wapo watakaosema masega huziba kweli. Ni kweli, huziba. Ila hayazibi yenyewe. Plagi au koili ikifa, injini inaanza kumisi, petroli mbichi inashuka hadi kwenye masega na kuwakia humo mpaka kauri inayeyuka. Ringi za pistoni zikichoka, injini inakula oili na majivu yake yanajaza vitundu. Ukiyatoa masega ukaiacha koili mbovu, umelipia kazi na ugonjwa umebaki. Na kuziba kunapimika: fundi anafungua sensa ya oksijeni ya mbele, anafunga geji ya kanieneo kwenye tundu lake, anapandisha mzunguko wa injini, anasoma. Ni kazi ya muda mfupi. Sijui kwa nini inaonekana ngumu kuliko kukata bomba.

"Yanakula mafuta." Hapa mambo huwa kinyume kabisa. Kompyuta ya injini hupima mafuta kwa kusikiliza sensa iliyoko mbele ya masega, ikilenga uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Sasa angalia kinachofanyika gerejini. Kopo linapasuliwa kwa grenda, nondo inaingizwa, kauri inapondwa na kumwagika kwenye gunia vipande vya kijivu, kisha kopo tupu linachomelewa tena mahali pake ili kwa nje lionekane zima. Kichomeleo kikiacha ufa karibu na sensa hiyo, hewa ya nje inaingia kwenye bomba, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Sensa ya nyuma nayo, ambayo kazi yake ni kuyachunga masega, inakuta moshi haujasafishwa na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mwenye gari anaizoea ile taa. Siku ikiwaka kwa jambo zito, haitamshtua tena.

Wenye turbo wana hoja iliyo bora, na haki yao niwape: kwenye turbo, njia pana zaidi ya moshi baada ya turbo huongeza nguvu kweli. Na Subaru WRX za soko la Marekani za miaka ya 2002 hadi 2005 zilikuwa na masega madogo kabla ya turbo, ambayo yakimeguka vipande huingia kwenye turbo na kuiua. Anayeyatoa hayo simlaumu sana, maana masega makubwa bado yapo nyuma. Lakini kutoa kila kitu bila kupanga upya programu ya injini ni hatari nyingine. Turbo inaanza kusukuma kupita kiwango ilichowekewa, mchanganyiko unakosa petroli, injini inagonga, na kwenye injini za EJ za Subaru kinachovunjika ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Bei ya injini nyingine mnaijua.

"Mbona magari ya rali hayana?" Yanayo. FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, ina orodha yake ya masega yaliyoidhinishwa kwa magari ya mashindano, na magari ya daraja la juu yanayopita Naivasha tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 yanakimbia nayo. Ule mlio kama wa risasi unaousikia kwenye rali ni petroli inayowakia kwenye eksozi ili turbo iendelee kuzunguka, si dalili kwamba masega yametolewa.

"Mafuta yetu machafu, masega hayafanyi kazi." Hoja hii ilikuwa na nguvu enzi za petroli yenye risasi, maana madini hayo huyaua masega kabisa. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji. Ukinunua petroli ya chupa kando ya barabara, hilo ni lako, usiyasingizie masega.

Kuna wanaosema hewa ya Kagera ni safi, gari moja litaharibu nini. Nakiri kwamba moshi wa kuni unawatesa mama zetu jikoni kuliko Subaru yoyote. Ila moshi wa eksozi haugawanywi sawa kwa mkoa mzima. Anaupata bodaboda aliye nyuma yako mlimani, mtoto wa shule anayetembea ukingoni, na wewe mwenyewe ikiwa ufa wa kichomeleo uko chini ya kiti chako, na hutajua, kwa sababu monoksidi ya kaboni haina harufu.

Kuhusu sheria, kwamba trafiki hana kipimo cha moshi: huenda huyo wa kwenu hana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, na kanuni zake za ubora wa hewa za 2007 zipo. Hilo la kukamatwa mtalimaliza wenyewe.

Hoja ya mwisho husemwa na fundi kwa sauti ya upole: "Nitakutolea bure, kaka." Kauri ile ina platinamu, na wanunuzi wa masega wanazunguka mikoani na mizani. Kwa hiyo kama umesikia yote haya na bado unataka yatoke, mwambie fundi kwamba kauri utaibeba wewe, na yeye akutajie bei ya kazi yake. Halafu sikiliza kama bado ni bure.